Historia ya Bima ya Maisha na Istilahi Zake

Miongoni mwa orodha za istilahi zinazoletwa mezani petu, chache zimetusumbua kama ile ya bima ya maisha. Haikuwa ndefu, wala haikuwa na maneno ya kutisha kama yale ya kemia au ya elimu ya viumbe. Taabu yake ilikuwa nyingine: karibu kila neno lililokuwamo lilikuwa tayari na neno la Kiswahili linalotumika, na aghalabu mawili au matatu, nayo yote yalielekea kufaa mpaka mtu alipouliza ni nani atakayelipa nini, na lini. Hapo ndipo maneno yalipoanza kugombana. Tuliona basi kwamba haitufai kuamua kwa kutazama kamusi peke yake. Istilahi za bima zimezaliwa katika mabishano ya fedha na ya vifo, na asiyeyajua mabishano hayo hawezi kuzitafsiri ila kwa kubahatisha.

Rasimu yetu tuliipeleka Bukene, katika Wilaya ya Nzega. Bukene ni mji mdogo ulio kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, reli iliyokamilika mwaka 1928. Wenyeji ni wakulima na wafugaji. Nyumbani husema Kinyamwezi, na gulioni, shuleni na ofisini husema Kiswahili. Istilahi ikieleweka hapo bila mkalimani, twaweza kuitumaini kwingineko. Lakini tulikuwa na sababu ya pili. Nchi hii ya Unyamwezi ndiyo iliyotoa wapagazi wengi wa njia kuu ya misafara ya karne ya 19, kutoka pwani hadi Tabora, kisha magharibi hadi Ujiji na kaskazini kuelekea nchi za ziwa. Tulitaka kujua watu ambao babu zao walifanya kazi ya hatari kiasi kile wana maneno gani juu ya hatari.

Wanayo, ila si yale tuliyoyatarajia. Mpagazi alijitwisha mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo thelathini, akatembea kwa miezi. Ndui, kuhara, njaa na vita viliwapunguza watu njiani. Maneno ya msafara yaliyobaki katika Kiswahili yanahusu kazi, chakula na cheo: mpagazi, posho, mnyapara, kirangozi. Neno moja tu lakaribia maana ya kununua usalama, nalo ni hongo. Siku zile hongo ilikuwa ushuru wa haki, uliolipwa kwa mtemi ili msafara upite salama katika nchi yake. Leo hongo ni rushwa, na hakuna mwanaistilahi atakayelirudishia cheo chake. Na hata siku zile haikutosha kila mara: Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, mali za wafanyabiashara zilikwama Unyanyembe, wala hapakuwa na mfuko wowote wa kuwafidia.

Aliyeibeba hatari ya mali alikuwa mkopeshaji wa pwani. Tippu Tip alipata mtaji wake kwa tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, Taria Topan, na hatari ya safari ilihesabiwa ndani ya bei ya mkopo. Yaelekea neno bima limetufikia kwa njia ya wafanyabiashara hao, kwa kuwa limo katika lugha za Bara Hindi kwa maana hiyohiyo, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya khofu. Jambo hilo latupendeza. Waingereza, kwa bima ya maisha hasa, walichagua neno lenye maana ya kumwondolea mtu shaka. Sisi tumepokea neno lililoanzia kwenye khofu yenyewe. Kwa maoni yetu letu ni la kweli zaidi, lakini hilo ni la pembeni.

Hatari ya roho ya mpagazi haikubebwa na mkopeshaji. Ilibebwa na jamaa zake. Tulipowauliza wazee wa Bukene nani aliyemtunza mjane wa mtu aliyefia safarini, walijibu kwa namna ambayo msomaji yeyote wa nchi hii angeitabiri: ukoo, jirani, na wale mliokubaliana kufa na kuzikana. Mzee mmoja alituambia, "Wanangu, bima ni mchango wa msiba uliotangulia msiba." Tuliandika maneno hayo, kwa sababu katika orodha yetu yote hatukuwa na maelezo mazuri kama hayo.

Maana hivyo ndivyo ilivyoanza Uingereza pia. Mwaka 1706 kilianzishwa London chama kilichoitwa Amicable, jina lenye maana ya urafiki. Wanachama walikuwa wa umri wa miaka 12 hadi 45. Wote walitoa mchango ulio sawa kila mwaka, na mwisho wa mwaka fedha ziligawanywa kwa warithi wa waliokufa mwaka huo. Wakifa wachache, kila familia ilipata kingi; wakifa wengi, kila familia ilipata kidogo. Ni mchango wa msiba, isipokuwa umeandikwa katika daftari. Kasoro yake yaonekana mara moja: kijana wa miaka 20 alitoa sawasawa na mtu wa miaka 45, na aliyepita umri huo hakupokelewa kabisa.

Mmoja aliyekataliwa kwa sababu ya umri alikuwa James Dodson, mwalimu wa hisabati. Inasimuliwa kwamba kukataliwa huko ndiko kulikomfanya atafute njia ya haki zaidi. Hakuanza bila msingi. Tangu mwaka 1693 mtaalamu wa nyota Edmond Halley alikuwa amekwisha kuchapisha jedwali la vifo vya mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław katika nchi ya Poland, likionyesha kati ya watu wa umri fulani ni wangapi hufa kabla ya mwaka kwisha. Dodson alitumia hesabu za vifo vya London. Wazo lake lilikuwa kwamba kila mtu alipe kwa kadiri ya umri aliokuwa nao siku ya kujiunga, na kiasi hicho kisibadilike mpaka kufa kwake. Akiwa kijana atalipa zaidi ya hatari yake. Ziada hiyo itawekwa akiba na kuzaa. Naye akizeeka, hatari yake inapoupita mchango wake, akiba itajaza pengo. Tumelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linalotofautisha bima ya maisha na bima ya gari. Bima ya gari ni ya mwaka, ukipita imepita. Bima ya maisha ni akiba ya muda mrefu iliyochanganyika na bahati ya wengi, na mwenye kuitafsiri kana kwamba ni malipo ya mwaka tu amekwisha kupotea.

Dodson alifariki mwaka 1757 kabla ya kuona matunda ya kazi yake. Wenzake, wakiongozwa na Edward Rowe Mores, waliomba hati ya Mfalme wakanyimwa. Ndipo mwaka 1762 wakaanzisha chama chao kwa mkataba wa wao kwa wao. Jina lake refu tutaliacha. Kwa ufupi kiliitwa Equitable, maana yake chenye haki na usawa. Hakikuwa na wenye hisa. Waliokata bima ndio waliokuwa wenye chama, na faida ilikuwa yao.

Mores ndiye aliyempa ofisa mkuu wa chama hicho cheo cha aktuari. Hakukibuni kutoka hewani. Alilichukua neno la Kilatini la karani mwenye kuandika matendo na maamuzi ya baraza, akalivika kazi mpya. Hata hivyo kazi ililizidi neno. William Morgan, aliyeshika cheo hicho tangu mwaka 1775 hadi 1830, hakuwa karani wa kuandika bali bwana wa hesabu, na kwa kazi yake na ya mjomba wake Richard Price, mtaalamu wa majedwali ya vifo, aktuari akawa mtu ambaye neno lake lilifuatwa na wakurugenzi. Kufikia mwaka 1848 watu wa kazi hiyo walikuwa na taasisi yao London. Neno lilibaki lilelile, maana ilihama.

Kwetu hapa linatumika neno mtakwimu bima, na tunaliunga mkono. Walioshikilia aktuari walituambia kwamba ni neno la kimataifa. Ni kweli, lakini la kimataifa si lazima liwe lenye kueleweka. Kule Bukene tulilisoma mbele ya watu, na kijana mmoja akadhani ni jina la dawa. Tuliposoma mtakwimu bima na kueleza kwamba ni yule anayehesabu watu wangapi watakufa mwakani, mama mmoja akasema basi huyo ni mpiga ramli. Watu walicheka, nasi tulicheka, lakini tulilazimika kueleza tofauti: mpiga ramli humtaja mtu, mtakwimu bima hamjui mtu, ajua idadi tu.

Swali la mpiga ramli halikuishia hapo. Tabora na viunga vyake ni nchi ya Uislamu wa miaka mingi, na wapo waliotuuliza kama kukatia bima maisha ya mtu si kumchezea kamari. Si swali la kipuuzi. Katika karne ya 18 Waingereza walifanya hasa hivyo: walikata bima juu ya maisha ya watu mashuhuri wasiokuwa na uhusiano nao wowote, wakasubiri wafe. Mwaka 1774 Bunge lao likatunga sheria ya kuukomesha mchezo huo, ikiamuru kwamba anayekata bima juu ya maisha ya mwingine sharti awe na maslahi katika uhai wake. Mke ana maslahi katika uhai wa mume. Mdai ana maslahi katika uhai wa mdaiwa, kwa kadiri ya deni. Tumependekeza maslahi ya bima, na katika maelezo tumeandika wazi kwamba ni maslahi katika kuishi kwa mtu, si katika kufa kwake. Mtafsiri akikosea hapo ameigeuza sheria yote juu chini.

Bima ya maskini ilikuja baadaye, nayo ilishika njia nyingine. Kampuni ya Prudential, iliyoanzishwa London mwaka 1848, ilianza mwaka 1854 kuwauzia wafanyakazi wa viwanda bima ndogondogo, ambazo mawakala walizikusanyia malipo nyumba kwa nyumba kila juma, peni moja na kuendelea. Wengi walichotaka ni fedha za maziko. Pengine huko ndiko Uingereza ilikokaribiana zaidi na Bukene.

Katika nchi yetu, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, likawa mali ya umma na biashara yote ya bima ikakabidhiwa kwake. Mwaka huohuo Sheria Na. 27 ilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Hatudai kwamba mambo hayo mawili yalipangwa pamoja, lakini yalikutana: bima ilipokuwa ya umma, lugha ya umma ililazimika kuisema. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua tena mlango kwa makampuni mengine, na sheria ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Tangu mlango ulipofunguliwa maneno yameongezeka upesi kuliko tuwezavyo kuyasanifisha, kwa kuwa kila mwenye bidhaa hupenda aiite kwa jina lake.

Tuchukue kitenzi chenyewe, kukata bima. Kimetulia katika lugha pamoja na kukata tikiti na kukata leseni, huenda kwa sababu karatasi ilikatwa kutoka kitabuni na kukabidhiwa mtu. Lakini umeme nao hukatwa, na maji hukatwa. Mtu wa Bukene alipotuambia "bima yangu imekatwa", mmoja wetu aliandika kwamba amejiunga, kumbe alikuwa anatuambia kwamba ameshindwa kulipa na bima imekufa! Kitenzi hatuwezi kukibadili. Watu wamekwisha kukichagua. Tulichofanya ni kupendekeza kwamba katika maandishi rasmi kukata kubaki kwa kuanza tu, na kwa kukoma kwa sababu ya kutolipa kutumike bima kukoma. Kuhusu kufika mwisho wa muda, neno kuiva, ambalo watu wa fedha wanalitumia, halikupata mpinzani hata mmoja miongoni mwa wakulima wa mtama. Waliuliza tu kama na huku kuna ndege wanaokula kabla ya mavuno. Swali hilo ndilo linaloturudisha London.

Chama cha Equitable kiliishi zaidi ya miaka mia mbili kikisifiwa kwa uangalifu. Kati ya mwaka 1957 na 1988 kiliuza bima za pensheni zilizokuwa na kifungu cha dhamana: mwanachama akifika umri wa kustaafu, akiba yake ingeweza kugeuzwa kuwa malipo ya kila mwaka kwa kiwango kisichopungua kile kilichoandikwa. Siku zile riba zilikuwa juu na dhamana ilionekana kama pambo. Katika miaka ya 1990 riba zikashuka, watu wakaishi zaidi, na pambo likawa deni zito. Mbali na dhamana kulikuwa na bonasi ya mwisho, ambayo wakurugenzi walikuwa na hiari ya kuipanga. Wakaitumia hiari hiyo: aliyeishika dhamana walimpunguzia bonasi, hata asipate zaidi ya asiye na dhamana.

Shauri likaenda mahakamani. Hoja ilikuwa juu ya maana: je, mwenye hiari ya kugawa bonasi aweza kuitumia kuifuta dhamana? Mahakama ya kwanza ilisema ndiyo mwaka 1999. Mahakama ya Rufani ikasema hapana, na Julai 2000 Baraza la Malodi likasema hapana kwa sauti moja: dhamana haiwezi kuchukuliwa kwa mkono wa kushoto baada ya kutolewa kwa mkono wa kulia. Ndivyo tunavyoieleza kwa maneno yetu. Wao waliandika kisheria. Gharama ilikisiwa kuwa pauni bilioni 1.5. Chama kisichokuwa na wenye hisa hakina wa kumtwisha hasara ila wanachama wenyewe. Desemba 2000 kikafunga mlango kwa wateja wapya, na Julai 2001 thamani ya bima za pensheni zenye kugawiwa faida ikapunguzwa kwa asilimia 16. Waliokuwa hawana dhamana, ambao ndio wengi, walilipia dhamana ya wenzao. Baadaye Serikali ya Uingereza, kwa kukiri kasoro za usimamizi wake, ilitenga fidia ya kiasi cha pauni bilioni 1.5, na wengi walilipwa asilimia 22.4 ya hasara yao. Tarehe 1 Januari 2020 bima zilizobaki zilihamishiwa kampuni nyingine, na historia ya chama cha Dodson ikafikia ukomo.

Tulisimulia habari hizi Bukene, kwa ufupi kuliko hapa. Mwalimu mmoja mstaafu akanyanyuka, akaenda nyumbani, akarudi na hati yake ya bima. Kampuni hatutaitaja. Hati ilikuwa ya Kiingereza. Alitueleza kwamba siku ya kujiunga wakala alimwambia kwa Kiswahili safi, "Mwalimu, bima ikiiva utapata kiasi hiki," akamwonyesha tarakimu. Ilipoiva alipata pungufu sana. Tukaisoma hati. Tarakimu ilikuwapo kweli, lakini maneno yaliyoizunguka yalisema kwamba ni makisio tu, yakitegemea faida itakayopatikana. Kampuni haikuvunja neno lake lililoandikwa. Wala hatudhani kwamba wakala alikusudia kudanganya. Alitafsiri.

Na alitafsiri kama ambavyo wengi wetu tungetafsiri, kwa kiambishi -ta-. Utapata: hicho ndicho kiambishi cha ahadi, cha utabiri, cha makisio na cha dhamana, vyote kwa pamoja. Msemaji huvitenganisha kwa sauti na kwa uso. Karatasi haina sauti wala uso. Katika rasimu yetu ya kwanza tulikuwa tumeweka dhamana na hakikisho kama visawe, na ahadi tukaiacha itumike popote. Usiku ule, katika nyumba ya wageni karibu na stesheni, tuliifuta sehemu hiyo yote. Tumependekeza sasa kwamba dhamana litumike tu kwa kile ambacho kampuni italazimishwa na mahakama kukilipa. Kwamba bonasi iliyokwisha kutangazwa iitwe bonasi iliyotangazwa. Na kwamba penye makisio pasiandikwe kamwe utapata, bali huenda ukapata, au inakisiwa kwamba. Yapo makampuni yaliyotujibu kwamba maneno hayo yanafukuza wateja. Hilo ni jambo lao na Mamlaka inayowasimamia. Kazi yetu ni kuona kwamba maneno mawili yenye matokeo mawili mbele ya hakimu hayapewi tafsiri moja.

Bado hatujapata neno la malipo ya kila mwaka yanayoendelea mpaka kifo. Pensheni limekwisha kuchukuliwa na utumishi. Kiinua mgongo, ambalo ni miongoni mwa maneno mazuri kabisa ya lugha yetu ya kazi, hulipwa mara moja. Tumeandika malipo ya uzeeni, tukijua kwamba hayatoshi, kwa sababu mtu aweza kuyanunua akiwa kijana. Walimu na watafsiri wenye neno bora walilete.

Mwalimu wa Bukene hakuwa na neno la kutupa. Aliomba jambo moja: tumwandikie kwa Kiswahili, nyuma ya hati yake, ni tarakimu ipi iliyokuwa dhamana na ipi iliyokuwa makisio. Tulimwandikia kwa penseli. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akairudisha katika bahasha pamoja na stakabadhi za miaka yote.